Trekta la Mzee Magan

Mzee Magan alipofariki, aliyenipa habari hakuwa mwanawe bali Baba Amani, yule dereva wa Kikongo aliyekuwa akimpeleka Mama Savita, mke wa marehemu, hospitali miaka ile. Alinipigia simu asubuhi nikiwa natoka zamu. "Mwana," akasema, "muzee wetu ametuacha. Alilala tu, hakuamuka tena." Tukakutana mazishini, tukiwa wawili pekee tusio Wahindu katika safu ya nyuma, na baada ya mwili kuchomwa tukarudi na wenzetu nyumbani kwake Kingsbury kula wali wa dengu. Nyumba ilikuwa ileile, ila imepungua sauti. Mwanawe Kirit, aliyekuja kutoka Leicester, alinishika mkono kwa heshima, kisha akaniuliza jambo ambalo naona lilikuwa limemkera tangu asubuhi: lile dude lililo gerejini, trekta la kukatia majani lenye kibanda cha plastiki juu yake, lilikuwa la nini? Mama yake hakupata kumwambia, na baba yake kila akiulizwa alijibu kwamba ni la bustani. Nilianza kumweleza nikiwa nimesimama na sahani mkononi, nikaona habari hii haisimuliki kwa kusimama. Ndiyo maana naiandika hapa, nikiwa nimekaa.

Chumba nilichopanga kwao kilikuwa juu ya jiko. Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi, nikiishi kwa kuhamahama baina ya makochi ya Wakenya wenzangu, na kikaratasi cha tangazo nilikiona kwenye dirisha la duka la viungo. Nilipogonga, mwanamke mnene mwenye sari ya bluu na soksi za sufu aliniuliza jina kwa Kiingereza, akalisikia, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha pwani kilichonifanya nikaribie kulia pale mlangoni: "Mwanaisha wa wapi, mwanangu? Wa Mvita au wa Malindi?" Yeye mwenyewe alizaliwa Pangani. Mumewe alikuwa wa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani. "Kama wewe nasikia baridi, ambia mimi," alisema siku hiyo akinionyesha kitanda. "Iko blanketi mingi." Mama Savita akamrekebisha kutoka ngazini, bila hata kuinua sauti: "Mablanketi yako tele. Tangu anioe namfundisha." Sharti lilikuwa moja tu. Nyama haipikwi humo ndani, na nitakachokula nje ni changu na Mola wangu.

Kilichoitawala nyumba ile ni figo za Mama Savita. Mara tatu kwa juma, kabla mtaa haujaamka, gari la wagonjwa la Baba Amani lilikuja kumchukua akasafishwe damu, na alirudi mchana amenyauka, akilala kochini mpaka alasiri. Ndizi na dafu vilikuwa mwiko kwa moyo wake, viazi vilirowekwa na kuchemshwa mara mbili hadi vikawa havina ladha, na chai yake aliinywa katika kikombe kidogo cha kahawa, funda kwa funda, ili maji yasijae mwilini. Katika mkono wake wa kushoto madaktari walikuwa wameunganisha mishipa ya kuingizia sindano za mashine, ikavimba kama kamba chini ya ngozi. Usiku mmoja nilipokuwa nasoma somo hilohilo mezani, aliuweka mkono wake juu ya kitabu changu. "Shika," akasema. Nikashika, nikausikia ukitetemeka kama paka anayekoroma. "Usisome picha, nisome mimi." Leo nafanya kazi katika wodi ya figo, nimeshika mikono ya namna hiyo isiyohesabika, na bado kila mara ule mtetemo wa kwanza chini ya kidole nausikia kama unatoka kwake.

Mtaa wetu ulikuwa wa mwinuko, umeziba upande wa juu, na nyumba ya Mzee Magan ilikuwa karibu na kileleni. Manispaa ilimwaga chumvi katika barabara kubwa tu. Majira ya baridi yale ikaanguka theluji ambayo watu wa London bado wanaizungumza, iliyosimamisha mabasi ya jiji zima, na siku hiyo ilikuwa siku ya Mama Savita ya kusafishwa damu. Gari la Baba Amani lilifika chini ya mwinuko likashindwa. Akaja kwa miguu, viatu vyake vya kawaida vimelowa, akasimama mlangoni akihema. "Mama, nitakubeba mugongoni," akasema, na alikuwa anamaanisha. Mama Savita alimwangalia, akaangalia ule mteremko mweupe ulio nyuma yake, akasema, "Tuanguke wote wawili? Nenda baba, kesho." Kesho yake gari halikupanda pia. Siku ya tatu alikuwa akivuta pumzi kama mtu aliyekimbia, miguu imemjaa maji, na watu wa ambulansi walimshusha kwa machela huku Mzee Magan akiwatangulia na beleshi, akifukua hatua moja baada ya nyingine kwa mikono yake, katika koti la nyumbani. Mama Savita alilazwa siku nyingi. Mzee naye akapata kikohozi ambacho hakikumtoka mpaka maua yalipochanua.

Hao wawili kwa kawaida walizungumza Kigujarati, ila nilikuwa nimegundua kwamba mambo mazito waliyasema kwa Kiswahili. Nilimwuliza Mama Savita siku moja sababu yake. Akacheka. "Kigujarati ni lugha ya mama mkwe," akasema. "Ndani yake nilifundishwa kuitikia. Kiswahili ndicho ninachoweza kusemea hapana." Kwa hiyo jioni moja, baada ya yeye kurudi kutoka hospitali, niliposikia Kiswahili kikipanda kupitia mbao za sakafu yangu, nilijua si maneno ya kunihusu, na sikuweza kuziba masikio. Kijiko kilikuwa kikizungushwa ndani ya sufuria polepole. "Magan, nimechoka," alisema. "Baridi ikirudi, na gari lisipopanda, safari hiyo usinihangaikie. Niache nipumzike." Kijiko kikasimama. Nilidhani mzee atalia, au atapaza sauti, au ataita mwanawe kwenye simu. "Kama wewe nachoka," akasema hatimaye, "wewe sema choka. Mimi tasikia. Lakini theluji hapana sema. Theluji hapana Mungu. Mimi taondoa hiyo theluji, halafu wewe ndiyo tasema." Kijiko kikaanza tena kuzunguka.

Trekta lililetwa kiangazi, likiwa limefungwa kamba nyuma ya pikapu ya rafiki yake Baba Amani. Lilikuwa trekta dogo la kukaa dereva juu, jekundu lililopauka, la kilabu ya kriketi ambayo Mzee Magan alikuwa akiwatengenezea mashine zao bure tangu astaafu ufundi wa umeme wa magari. Mama Savita alitoka hadi kizingitini, akaliangalia, akaiangalia bustani yetu ambayo jamvi moja lingeifunika. "Hilo ni la kukatia majani," akasema. "Tuna majani gani?" Mzee akamjibu kwamba majani yatakuja. Kisha akajifungia gerejini. Kutoka dirishani mwangu nilisikia msumeno wa chuma wiki nzima. Alikuwa akipasua tangi kuukuu la maji ili apate bamba lililopinda, akalifunga mbele kuwa ubao wa kusukumia theluji. Akatia minyororo kwenye magurudumu, akapakia mawe ya kutandikia njia nyuma ya kiti ili uzito usiliache likateleza. Hadi majani ya miti ya mtaani yalipoanza kuanguka, lilikuwa trekta linaloweza kuihimili theluji. Aliyekuwa hawezi ni dereva.

Hilo alilibaini Mama Savita. Jioni moja ya mvua alimkuta amekaa juu yake mbele ya gereji akilijaribu, maji yakimtiririka masikioni, akikohoa kile kikohozi chake cha zamani. Alisimama chini ya mwavuli akimtazama, na mimi nilikuwa nyuma yake nimemshikia mkoba. "Kwa hiyo mpango ndio huu," akasema. "Mimi niende kusafishwa damu, na wewe uende mochari." Mzee akasema baridi anaizoea. "Usizoee," mkewe akamwambia. "Mimi nimezoea mengi katika nchi hii, sioni faida. Kama utakaa hapo usiku, utakaa kama mtu." Akaingia ndani, akatoa cherehani yake iliyokuwa chini ya ngazi, akaita: "Mwana, lete futi." Alimpima mumewe palepale juu ya kiti cha trekta, kiunoni, magotini, kutoka bega hadi usukani, kama anayempima bwana harusi suti, na mzee akainua mikono alipoambiwa ainue.

Majira yale ya vuli ndiyo niliyoyakumbuka nilipokuwa nimesimama na sahani mbele ya Kirit. Jiko liligeuka karakana. Kiti cha trekta kilivuliwa ngozi yake iliyopasuka, kikawekwa sponji nene na juu yake mfarishi wa viraka ulioshonwa kwa sari zilizochakaa na kanga zake za Pangani, nusu umekaliwa na nusu unafunika magoti. Koti kuukuu la mzee lilikatwa mikono, ikafungwa kwenye usukani kama mifuko miwili, ili viganja viingie humo na visiguse upepo. Mzee Magan alisimamisha kiunzi cha kibanda juu ya kiti, kisha akakunja bati akatengeneza njia ya kuleta hewa ya moto kutoka ubavuni mwa injini hadi miguuni. Hapo ndipo nilipotia neno langu la kwanza. Niliwaambia moshi wa injini hauonekani wote, na kwamba kibanda kikizibwa pande zote atalala usingizi asioamka. Walinisikiliza wote wawili kwa makini ambayo hakuna mwalimu wangu aliyepata kunisikiliza nayo. Mzee akahakikisha bomba la moshi linatazama mbali, na Mama Savita akaamua kwamba nyuma patabaki wazi. "Mgongo nitamshonea fulana," akasema. Taa zilizofungwa juu zilirudisha mwanga machoni tulipozijaribu katika ukungu, kwa hiyo zikashushwa chini karibu na ubao, na Mama Savita akazivisha kitambaa cha manjano, kwanza kwa ajili ya usingizi wa majirani, halafu tukaona na njia inaonekana vizuri zaidi.

Kilichobaki ni madirisha. Kioo kilikuwa kizito, na plastiki iliyouzwa dukani ilikuwa nyembamba, ikipigwa na upepo inakunjamana. Jioni hiyo tulikuwa sebuleni. Makochi ya sebule ile yalikuwa ya mahameli ya rangi ya zambarau, na tangu siku yaliponunuliwa yalivishwa plastiki nene inayong'aa. Kiangazi ilitunata miguuni, baridi ilitufanya tukae kama tumekalia barafu, na hakuna mgeni, hata Kirit na watoto wake, aliyepata kuruhusiwa kuivua. Mama Savita alikuwa amelala juu yake, siku ya kusafishwa damu, uso umemsawijika. Nikaona anaipapasa plastiki kwa kidole, taratibu, akiipima unene. "Mwana," akaniambia, "niletee mkasi." Mzee Magan aliinuka nusu kutoka kitini. "Savita, hiyo hapana," akasema. Yeye alikwisha kuketi, akakata mshono wa kwanza. Usiku ule tukakaa watatu juu ya mahameli yenyewe kwa mara ya kwanza. Ilikuwa laini ajabu. Mzee aliendelea kuipigapiga kwa kiganja, na mkewe akamwambia, "Unaona? Tulikuwa tunamtunzia nani?" Katika miezi yote ile hawakuyarejea kwa sauti yale maneno ya jikoni, angalau si kwa lugha niliyoielewa. Lakini niliona kwamba asubuhi za hospitali Mama Savita alikuwa akishuka ngazi mapema kuliko zamani, na mara nyingi alichukua kazi ya kushona mkobani, aifanye kwa mkono mmoja huku mwingine umelala kwenye mashine.

Theluji ilirudi mwanzoni mwa mwaka uliofuata, ikaanza wakati wa magharibi, usiku wa kuamkia siku ya Mama Savita ya hospitali. Mzee Magan hakungoja ijae. Alivaa fulana ya mgongo, akaingia kibandani, Mama Savita akamfunika magoti na kubana vifungo vya mlango wa plastiki kwa nje kama anayemvalisha mtoto wa shule. Trekta likatoka gerejini likinguruma, mwanga wake wa manjano ukitambaa mbele yake. Alisukuma theluji kutoka mlangoni petu hadi chini ya mwinuko, akapanda, akangoja ndani kidogo, akatoka tena. Jirani wa nyumba ya pili alifungua mlango akiwa na nguo za kulalia, uso wa mtu aliyekuja kulalamika, akatazama, akarudi ndani. Kisha akatoka na funguo, akaliondoa gari lake njiani bila kuombwa. Mama Savita hakulala. Alikaa dirishani amekalia mfuko wa mpira wenye maji ya moto, na kila trekta lilipopanda aliinua mkono, na mle ndani kivuli cha kofia kikainamisha kichwa.

Saa za usiku wa manane theluji ilizidi, na mzee aliporudi safari hiyo alishindwa kuvifungua vifungo. Nilimfungulia mimi. Magoti yake yalikuwa na joto, mikono yake ilikuwa na joto, ila kifua kilikuwa kimeanza kupiga mluzi, na alipojaribu kusema kikohozi kikamkunja. Mama Savita alimwangalia, kisha akaniangalia mimi. Sikuwa nimewahi kuendesha hata baiskeli. "Linakwenda polepole kama ng'ombe," akaniambia. "Ukiogopa, ondoa mguu, linasimama." Mzee, kutoka kwenye kochi la mahameli, akaongeza kwa pumzi iliyokatika: "Ubao inua ukipanda. Shusha ukishuka. Hapana haraka." Nikaingia. Kiti kilikuwa kimepimwa kwa mtu mwingine, mpana kuliko mimi, kwa hiyo nilizama ndani yake hadi mbavuni. Miguu ikapata ule upepo wa moto. Mikono ikaingia katika mikono ya koti la mzee. Nilikuwa na hofu iliyonifanya nisome dua zote nilizofundishwa utotoni, lakini mwilini sikuwa na baridi hata chembe, na jambo hilo lilinishangaza kuliko yote: kwamba mtu aweza kukaa katikati ya usiku kama ule, theluji ikipiga plastiki mbele ya uso wake, na kila sehemu ya mwili wake iwe imefikiriwa na mtu. Nilishuka, nikapanda, nikashuka. Mara moja nilipanda ukingoni mwa njia nikabomoa ua wa jirani, kichaka kidogo cha waridi. Juu dirishani mkono uliinuka vilevile.

Kulipoanza kupambazuka Mzee Magan alitoka na chumvi ya jikoni na majivu akinyunyiza njia, amejifunga shali ya mkewe kichwani. Gari la Baba Amani lilionekana chini, likasita. Kisha likapanda, polepole, hadi mlangoni. Alishuka akageuka nyuma kuitazama ile njia nyeusi iliyonyooka katikati ya weupe. "Nani alifanya hii kazi yote?" akauliza. Mzee akaninyooshea kidole mimi, mimi nikamnyooshea yeye. Mlango ukafunguka, na Mama Savita akatoka amevaa sari, koti, na viatu vya mpira vya mumewe, mkoba wa kushonea begani. Sikujua kama atapanda. Naamini hata mzee hakujua, kwa maana alikuwa ameacha kunyunyiza chumvi. Alisimama kidogo, akavuta hewa ya baridi, akampa Baba Amani mkono wake wa kulia. "Twende baba," akasema, "tusiwacheleweshe wenzetu." Mzee aliliangalia gari mpaka likakunja kona, akaingia ndani akalala na viatu.

Mama Savita aliishi majira mengine ya baridi baada ya hayo, na mengine tena. Nilihitimu, nikahamia Harrow karibu na hospitali, nikawa nakuja kwao siku za mapumziko. Kiangazi kimoja alinipigia simu akaniambia nije Alhamisi asubuhi, na nilipomkumbusha kwamba ni siku yake ya mashine akasema anajua. Nilimkuta Baba Amani amekaa mezani bila koti, chai mbele yake. Gari lilikuwa nje, jua limejaa mtaani. Mama Savita alikuwa amevaa sari yake ya kijani, ya kwendea harusi za watu. "Leo siendi," akaniambia, "wala Jumamosi siendi. Daktari nimemwambia, Kirit anakuja jioni. Nilitaka nyinyi mjue kutoka kinywani mwangu." Baba Amani alimwuliza kwa upole kama ana hakika. "Gari lako si liko mlangoni?" akamjibu. "Na miguu yangu inatembea. Ningetaka ningepanda." Mzee Magan alikuwa amesimama karibu na sinki, ameshanyoa, shati safi. Alikwisha kusikia, niliona hilo. Pengine walikuwa wamezungumza usiku kucha. Akamwendea, akauliza swali ambalo kwa miaka yote ile halikuwa na maana kumwuliza: "Wewe nataka kunywa nini?"

"Dafu," akasema Mama Savita.

Mzee akachukua kofia akaenda Kingsbury Road kwa miguu, akarudi na madafu manne yaliyochongwa, yale yanayouzwa yamefungwa karatasi ya nailoni. Akayatoboa, akatumiminia kila mtu bilauri yake, hadi juu. Mama Savita aliinywa yake yote bila kuishusha, kama mtoto aliyerudi kucheza, matone yakimdondokea kidevuni. Kisha akainyoosha ile bilauri tupu kuelekea kwa mumewe, na Mzee Magan akammiminia yaliyokuwa katika yake.